Chumba cha kunyonyeshea kipo, ila ratiba haimruhusu mama kukifikia. Tujadili

Mpanga Zamu:

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kupanga zamu: mapokezi, wapokea simu, watu wa dirishani. Jina la kila mmoja linapita mkononi mwangu kabla mwezi haujaanza. Kwa hiyo naandika nikiwa upande wa meza ambao huwa hauanzishi nyuzi za namna hii.

Mwanamke akirudi kutoka likizo ya uzazi, mazungumzo yote huanzia kwenye chumba. Kipo? Kina pazia? Kina kiti? Wakubwa wakishaweka kiti na pazia wanabandika kibao mlangoni, wanapiga picha, kazi imeisha. Nimepita sehemu zaidi ya moja na nimeviona vyumba hivyo vikijaa maboksi ya karatasi na viti vilivyovunjika mguu. Halafu unasikia, "Tuliwawekea chumba, hawakitumii." Hawakitumii kwa sababu hakuna wa kumwachia dirisha.

Mimi nasema hivi: msaada wa mama anayenyonyesha uko kwenye ratiba kwanza, chumba baadaye. Mwenye ratiba nzuri na chumba kibovu atahangaika lakini atakamua. Mwenye chumba kizuri na ratiba mbovu atarudi nyumbani blauzi imelowa.

Tupige hesabu. Kukamua kwa pampu ni kama dakika 15 hadi 20. Kabla yake kuna kunawa mikono na kuunganisha vifaa, baada yake kuna kuhifadhi maziwa, kuosha vifaa na kujiweka sawa. Ukiongeza kwenda na kurudi, nusu saa imekatika, na kama chumba kiko jengo jingine, zaidi. Mtoto akiwa bado mdogo, mama anahitaji kufanya hivyo kila baada ya saa tatu hivi, yaani mara mbili au tatu kwa siku ya kazi. Sasa mwambie mtu wa dirishani, "ukijisikia kwenda, nenda tu." Akienda, foleni inarefuka, mteja anagonga kioo, wenzake wanatazamana. Kesho yake hatoki. Hakuna aliyemkataza, amejikataza mwenyewe kwa aibu, na mkubwa wake ataapa kwamba ruhusa ilikuwepo.

Mwili nao hausubiri foleni iishe. Titi likikaa limejaa, mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki kwa wingi ule, unapunguza kutengeneza. Kabla ya kupungua kuna maumivu: titi linakuwa gumu, mirija inaziba, wengine wanapata uvimbe na homa, na uvimbe usipotibiwa unaweza kuwa jipu. Hapo anaomba ruhusa ya ugonjwa, na anayepanga zamu, yaani mimi, natafuta mtu wa kuziba siku nzima kwa sababu tuliona nusu saa ni ghali.

Ninachofanya hakina maajabu. Ratiba yangu ya siku ina safu ya jina, ya dirisha, ya saa ya kula. Nimeongeza moja: "anayeshika". Kama mama anatoka saa 4 na nusu, jina la atakayekaa dirishani kwake limeandikwa pale pale, na kazi yake ni kufika dirishani yeye mwenyewe. Mama haombi, hamtafuti mtu kwa macho, hasemi "samahani naomba unishikie kidogo". Siandiki "yeyote aliye na nafasi", maana kazini mwenye nafasi haonekani. Na ubaoni siandiki anakwenda kufanya nini. Naandika "nje ya dirisha", kama ninavyomwandikia anayepeleka nyaraka. Mambo ya kifua chake si ya kubandikwa ukutani.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni, nalo ni malengo. Kama mtu anapimwa kwa idadi ya simu anazopokea kwa siku, na umempa saa moja ya kukamua bila kushusha idadi, hujampa kitu. Mwisho wa mwezi jina lake liko chini ya orodha na hakuna anayekumbuka sababu. Shusha lengo kwa kiasi cha muda uliompa, uandike, na mkuu wa idara atie saini.

La ufunguo nitalisema kwa ufupi: usikae kwa mlinzi wala kwenye droo ya bosi. Weka kitasa kinachofungwa kwa ndani, basi.

Kwenu hali ikoje?

Mama Zamu ya Usiku:

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi niko zamu ya usiku. Chumba tunacho, kizuri kabisa, kina hadi zulia. Ila kinafungwa saa 11 jioni afisa utumishi anapoondoka, na ufunguo anao yeye. Nimekamua chooni nikiwa nimesimama, chupa nimeibana kwa kiwiko kwa sababu hakuna hata rafu ya kuweka kifuniko, huku mtu anagonga mlango anauliza kama kuna mtu. Siku hiyo yalitoka matone tu. Titi limejaa na kuuma, lakini hayashuki. Nikifika nyumbani mtoto akilia tu, yanamwagika yenyewe.

Muuguzi wa Kliniki:

Mama Zamu ya Usiku, pole sana dada. Hiyo ya kutoshuka ina maelezo yake. Kuna homoni mbili hapo: prolaktini hutengeneza maziwa, oksitosini huyasukuma yatoke. Ya pili inavurugwa na hofu, haraka, maumivu na aibu. Ndiyo maana mlango usiofungwa unapunguza maziwa kweli kweli, si mama kudeka. Na prolaktini huwa juu zaidi usiku, kwa hiyo zamu yako ndiyo hasa inayohitaji chumba kilicho wazi. Kinachosaidia: kaa, egemea, weka kitambaa cha uvuguvugu kifuani, kanda titi taratibu, tazama picha au video ya mtoto. Usiitazame chupa.

Nitarudi kuandika ya kuhifadhi, naona yataulizwa.

Sina Kinyongo:

Mimi nitasema ambalo wengine mnalimeza. Sina mtoto, sina mpango, na kila mama akirudi kutoka likizo anayeambiwa ashike dirisha ni mimi, kwa sababu "wewe huna majukumu". Mwisho wa mwaka hakuna anayekumbuka kuwa nilihudumia foleni mbili. Siwachukii akina mama. Nauliza tu, na mimi nani ananishika?

Mpanga Zamu:

Kaka Sina Kinyongo, hoja yako ni ya haki na ningependa waajiri waisome kabla ya kusoma yangu. Kushika dirisha la mtu ni kazi, haiwezi kuwa fadhila ya yule asiyeweza kukataa. Kwangu anayeshika anazunguka, hakai mtu mmoja wiki nzima, na muda wake unaingia kwenye tathmini kama muda wowote wa dirishani. Ikitokea hakuna wa kuzungusha, maana yake idara ina watu wachache, na hapo mnyonyeshaji hana kosa wala wewe huna. Malalamiko yapande ngazi, yasiende kando.

Nilichokiona ni kwamba chuki dhidi ya mama aliyerudi kazini huzaliwa pale bosi anapowaachia wafanyakazi wapatane wenyewe kwa wenyewe.

Sina Kinyongo:

Hapo sawa. Ikiandikwa sina neno.

Duka Dogo:

Wadau, mnaongea mambo ya kampuni kubwa. Mimi nina wafanyakazi sita na sehemu yenyewe ni chumba kimoja na stoo. Binti mmoja anarudi hivi karibuni, mchapakazi, sitaki kumpoteza. Chumba cha kunyonyeshea nakitoa wapi?

Mpanga Zamu:

Ndugu yangu, usijenge kitu. Unahitaji mlango unaofungwa kwa ndani, kiti chenye mgongo, mahali pa kuweka chupa, soketi kama anatumia pampu ya umeme, na maji ya kunawa karibu. Stoo ikisafishwa inafaa, ofisi yako mwenyewe inafaa pia mradi ukubaliane kabisa kwamba saa fulani hauingii, hata kama umesahau simu. Chooni hapana, hata kama ni kisafi.

Halafu mkae mzungumze habari ya mtoto yuko wapi. Kama analelewa karibu, pengine pampu haihitajiki kabisa. Aletwe anyonye, au mama atoke akamnyonyeshe arudi. Hakuna chombo kinachotoa maziwa vizuri kama mdomo wa mtoto.

Duka Dogo:

Je, nikimwambia aondoke saa moja mapema kila siku badala ya kutoka katikati? Kwangu hilo ni rahisi zaidi.

Mpanga Zamu:

Hilo ndilo linalopendwa na waajiri wengi, na akina mama wengi wanalipokea kwa furaha siku ya kwanza. Inategemea umri wa mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja anakula, ananyonya asubuhi, jioni na usiku, na mama anaweza kupita mchana bila shida. Kwake saa moja mapema ni zawadi. Mtoto wa miezi minne hali chochote zaidi ya maziwa. Mama yake akikaa saa saba bila kukamua ili aondoke mapema, titi litauma wiki ya kwanza, na baada ya wiki kadhaa maziwa yatakuwa yamepungua, na mtoto ataanzishiwa maziwa ya kopo ambayo hakuna aliyeyapanga. Kwa huyo, mapumziko ya katikati ya siku hayauzwi. Mpe ratiba ya sasa, muipitie upya kadiri mtoto anavyokua.

Kifungu kwa Kifungu:

Naona hakuna aliyegusa sheria, ngoja nitupie kidogo.

Haya mambo si mapya wala si ya kisasa kama baadhi ya wazee wa ofisini wanavyodai. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uzazi, wa mwaka 1919, ulitaka mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 unasema mama ana haki ya pumziko moja au zaidi kwa siku, au kupunguziwa saa, ili anyonyeshe, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi na ulipwe. Unampa pia haki ya kurudi kwenye nafasi ile ile au inayolingana nayo kwa mshahara ule ule. Pendekezo namba 191 linaloambatana nao linaruhusu mapumziko yaunganishwe mwanzo au mwisho wa siku, ndiyo hilo la Duka Dogo. Kumbukeni mkataba unaibana nchi iliyouridhia, kwa hiyo kila mtu afungue sheria ya kazi ya kwao.

Nchi zinatofautiana. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Kenya, sheria ya afya ya mwaka 2017 inataka waajiri watenge sehemu ya kunyonyeshea, isiwe chooni, na muda wa mapumziko haya ni nje ya muda wa chakula. Marekani sheria ya 2010, iliyopanuliwa mwaka 2022, inatoa muda na faragha kwa mwaka mmoja tangu mtoto azaliwe, lakini kwa kawaida haimlazimishi mwajiri kuulipia muda huo.

Kwa hoja ya Mpanga Zamu, kipengele ninachokipenda ni cha Kenya: muda wa kutembea kwenda na kurudi umehesabiwa ndani ya mapumziko. Aliyeandika pale alijua kwamba mama hapai.

Na hesabu ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka 2 au zaidi. Likizo ya chini kabisa kwenye mkataba wa mwaka 2000 ni wiki 14. Miezi 6 ni wiki 26. Hizo 12 katikati ndizo tunazozijadili hapa.

Mwalimu wa Vipindi:

Na sisi walimu? Darasa haliachiki. Nikitoka dakika kumi, nikirudi nakuta vita. Nina vipindi vinne mfululizo siku tatu za wiki.

Mpanga Zamu:

Mwalimu, tatizo lako ni "mfululizo". Idadi ya vipindi ni ile ile, vinaweza kupangwa viwili, nafasi, viwili. Nenda kwa mwalimu wa taaluma kabla ratiba ya muhula haijachapwa, maana ikishachapwa hata yeye mwenyewe anaiogopa.

Muuguzi wa Kliniki:

Nimerudi. Ya kuhifadhi.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa kwa muda usiozidi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25. Penye joto zaidi ya hapo usitegemee saa 4, yaweke kwenye baridi mapema. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4, ila nyuma kabisa, si mlangoni ambako joto linapandapanda. Friza, ubora wake uko vizuri hadi miezi 6 hivi. Kama kazini hakuna friji, kibegi cha baridi chenye vipande vya barafu iliyoganda vizuri kinatunza hadi saa 24. Andika tarehe na saa kwenye chombo, tumia ya zamani kwanza. Yaliyoyeyushwa yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji na yasigandishwe tena. Yale mtoto aliyoyaanza akabakiza, yatumike ndani ya saa 2, basi.

Kupasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Usitumie maikrowevu, inapasha kwa mafungu na mtoto anaungua mdomo. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, zungusha chombo taratibu yatachanganyika.

Friji ya ofisi ni halali. Maziwa ya mama ni chakula, yakiwa kwenye chombo kilichofungwa yanakaa pamoja na chakula cha wengine bila tatizo lolote la kiafya. Anayekunja uso akunje.

Asiye na pampu asikate tamaa, mkono unatosha kwa wengi. Nawa. Weka dole gumba juu na vidole chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane, achia. Rudia, na uhamishe vidole kuzunguka titi lote. Usiburuze vidole kwenye ngozi wala usivute chuchu, utajiumiza bure. Anza kujifunza wiki mbili tatu kabla ya kurudi kazini, siku ya kwanza kazini si siku ya majaribio.

Na tafadhali msipime maziwa yenu kwa kilichotoka kwenye chupa. Nimeona mama analia kliniki kwa sababu pampu imetoa kidogo, na mtoto wake kwenye mizani anaongezeka vizuri tu.

Baba Chupa:

Dada Muuguzi, wa kwetu tangu mama yake arudi kazini mchana anakunywa kidogo sana, chupa anaisukuma kwa ulimi. Usiku sasa ananyonya kama mtu aliyefunga. Mke wangu halali. Ni kawaida?

Muuguzi wa Kliniki:

Baba, ni kawaida, watoto wengi wanamsubiri mama. Maadamu anakojoa vizuri, amechangamka na uzito unapanda, hana tatizo. Jaribuni kikombe kidogo badala ya chupa, mtoto anaweza kukinywea hata akiwa mdogo sana: akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, yeye ndiye anayelamba, usimmiminie. Na ampe mtu mwingine, mama asiwe karibu. Kunyonyesha usiku huwezi, lakini kuamka umbadilishe nepi na umpeleke kwa mama yake unaweza. Vyombo vya kukamulia pia vinaoshwa na mikono ya baba.

Jingine, maana wanandoa huja kliniki wakiwa wameduwaa: kama mlikuwa mnategemea kunyonyesha peke yake kuzuia mimba, njia ile inataka mtoto awe chini ya miezi 6, hedhi iwe haijarudi, na awe anapewa maziwa ya mama tu, mara kwa mara usiku na mchana. Mama akianza kukaa kazini saa nyingi, msiitegemee tena. Nendeni mkashauriwe njia nyingine inayomfaa anayenyonyesha.

Baba Chupa:

Eh. Asante, hilo la mwisho nimelisoma mara mbili.

Narudi Jumatatu:

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Narudi kazini Jumatatu, mtoto ana miezi mitatu na nusu. Bosi wangu ni mwanaume, mtu mzima, mkali wa heshima. Naona aibu hata pa kuanzia. Nimwambieje?

Mpanga Zamu:

Dada, usimweleze matiti, mweleze ratiba. Hilo analielewa. Andika, usiseme kwa mdomo tu, kwa sababu ya mdomo yanasahaulika akibadilishwa msimamizi. Ujumbe wenyewe uwe kama hivi, ubadilishe upendavyo:

"Shikamoo. Narejea kazini Jumatatu baada ya likizo ya uzazi. Kwa kuwa bado nanyonyesha, nitahitaji kutoka kwenye nafasi yangu mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, nje ya muda wa chakula. Naomba saa hizo ziingizwe kwenye ratiba pamoja na jina la atakayekuwa kwenye nafasi yangu. Nitahitaji pia chumba kinachofungwa kwa ndani na nafasi ndogo kwenye friji. Tutaipitia upya ratiba hii mtoto atakapofikisha miezi 6. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa ili tujiandae."

Hujaomba radhi popote, umeona? Acha hivyo hivyo.

Narudi Jumatatu:

Nimetuma jana jioni. Amejibu leo: "Marahaba. Hongera kwa mtoto. Saa ngapi na saa ngapi?" Sasa naogopa kutaja vibaya. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 10, na njiani natumia kama saa moja.

Mpanga Zamu:

Mnyonyeshe saa 1 kasoro ukiwa mlangoni kabisa kutoka. Taja saa 4 na saa 7 mchana, na saa ya kula muombe ihamie saa 6 isije ikamezwa na hiyo ya pili. Utafika nyumbani saa 11, mwambie anayekaa na mtoto asimshibishe kuanzia saa 10. Ukiona kufikia saa 9 matiti yanauma, rudi kwa bosi wiki ya pili uombe ya tatu, fupi. Beba blauzi ya akiba na pedi za kifuani.

Muuguzi wa Kliniki:

Na Jumatatu wiki nzima ni ndefu kuanzia. Kama anaweza kukubali uanze Alhamisi, siku mbili halafu mapumziko ya wikendi, muulize.

Narudi Jumatatu:

Namuuliza sasa hivi.